Daftari la Rangi

Jumatatu, 28 Aprili 1986

Kijani.

Wanjira kasema niandike tarehe na rangi, basi. Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nikipewa daftari jipya siwezi kuandika neno moja nikalifunga. Kwa hiyo naendelea, na atakayeudhika asisome.

Wanjira ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele, nesi, mtu wa bara, ana binti wa miaka mitano aitwaye Easter. Tangu ahamie hapa nimekuwa nikimnung'unikia: maharagwe yake yanachemka kutwa kucha, na akisalimu utadhani anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Leo asubuhi kaniletea chupa ya dawa ya buluu, kanifundisha kazi. Tia matone manane ya mkojo wa Mama ndani ya dawa, chemsha juu ya stovu, tazama rangi. Ikibaki buluu, sukari haimo. Kijani, imo kidogo. Rangi ya chungwa, ni nyingi. Nyekundu ya tofali, usingoje, mlete hospitali.

Mama kavuta mtandio akajifunika nusu ya uso. "Hata mkojo wangu sasa wapewa maksi!"

Mama ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tisa huu. Hapa mtaani kwetu Barani tunaojua ni sisi watatu tu, mimi, yeye na Wanjira. Ndivyo anavyotaka. Nusu ya wanawake wa mtaa huu kawasomesha Kurani yeye, humu humu ukumbini mwetu, na wote wanamwita Bi Mwana. Ukimwambia awaeleze, jibu lake ni moja: "Wakijua, wataniangalia mguu kabla ya uso."

Alhamisi, 1 Mei

Kijani. Mvua tangu alfajiri. Paa la jiko linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na fundi ni yuleyule.

Jumamosi, 3 Mei

Buluu! Mama kapiga kigelegele, kisha kaomba andazi. Nimemnyima. Kaninunia mpaka magharibi.

Jumanne, 6 Mei

Kijani. Shule imefunguliwa. Watoto arobaini na sita, na kumi kati yao wanakohoa. Nimefundisha kuzidisha kwa kupiga kelele.

Ijumaa, 9 Mei

Kijani.

Leo darasani walikuwa watoto ishirini na saba. Mwalimu mkuu, Bwana Katana, kasema ni homa ya mafua, imetapakaa mji mzima, itapita. Yeye mwenyewe macho mekundu, anapangusa pua kwa kitambaa cha ubao.

Nilipofika nyumbani nikamhadithia Mama kama mzaha. Wanjira alikuwa uani anafua sare yake. Akaacha kufua.

"Mwalimu, hao watoto umewakaribia?"

"Mimi ni mwalimu. Niwafundishe kwa barua?"

Mama kacheka. "Mafua tu hayo, Wanjira. Mimi mafua nimeyaumwa kabla wewe hujazaliwa."

"Na wakati huo ulikuwa na sukari, Mama?"

"Wakati huo? Sikuwa nayo."

"Basi aliyeumwa alikuwa mtu mwingine."

Wanjira akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, mikono yake bado ina povu, akatueleza polepole. Kasema homa hii inaletwa na virusi, vidudu ambavyo hata kwa darubini ya hospitali yao havionekani, na ni vilevile kwa kila mtu. Kinachotofautiana ni mwili vinaouingia. Kwangu mimi vitakaa siku nne, mwili uvifukuze. Kwa Mama vitakuta damu imejaa sukari, na mwili wa namna hiyo huchelewa kupigana. Halafu homa yenyewe hupandisha sukari zaidi, na sukari ikipanda mwili unazidi kuchoka, mwishowe kichomi kinaingia kifuani. Kasema wanaolazwa kwa mafua wengi si wale waliokuwa wazima. Ni wenye sukari, wenye pumu, wenye maradhi ya moyo, wazee na watoto wachanga.

"Hakuna sindano ya kuviua?" nikauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Dawa yake ni kutovipata."

Tangu leo nikirudi kutoka shule navua buibui mlangoni, naosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, na nalala ukumbini. Naogopa. Na iandikwe hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Kijani. Tumeanza kufunga. Mama hafungi, daktari kamkataza, na dini imemruhusu. Lakini anakula chumbani mlango umefungwa, kisha anapangusa midomo mpaka inakauka ndipo atoke.

"Mungu anajua," kasema. "Si lazima ajue na Mishi."

Bi Mishi ni shoga yake tangu utoto, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwanamke wa miaka sitini na nane, anachota maji mwenyewe, sijapata kumwona kalala kwa ugonjwa hata siku moja.

Jumatatu, 12 Mei

Kijani, lakini kijani iliyokolea.

Tumegombana. Kila Ramadhani wanawake huja baada ya alasiri kusoma na Mama, juzuu kwa siku mpaka Idi. Leo walikuwa ishirini na mbili. Nimehesabu na waliokohoa: saba. Mmoja amepiga chafya juu ya msahafu akaomba msamaha kwa msahafu.

Walipoondoka nikamwambia Mama darsa ifungwe mpaka homa hii ipite.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu una sukari!"

"Punguza sauti."

"Mama, waambie tu. Wanakupenda hawa."

Akaniangalia kama anavyoangalia mtoto aliyekosea aya aliyokwisha kufundishwa. "Mwaka ule Mwana Esha alipokatwa kidole cha mguu kwa sukari, walikwenda kumtazama kwa mapenzi, kweli. Na walipotoka waliambizana binti zao wasichukue posa ya nyumba ile. Nilikuwepo, Mahfudha. Nami niliitikia. Toa sababu yoyote uitakayo, ila hiyo."

Sababu yoyote niitakayo. Haya.

Jumanne, 13 Mei

Kijani. Nimetoa sababu.

Saa tisa na nusu nilisimama barazani, Bi Mishi alipofika na msahafu wake nikamwambia, "Shikamoo, Bi Mishi. Leo hakuna darsa, wala kesho. Mtoto wa mpangaji kaota tetekuwanga."

"Marahaba. Masikini! Yule kitoto?"

"Yeye. Mwili mzima."

Akarudi mbio kuwaambia wenzake. Nikaingia ndani nimejivuna. Tetekuwanga inaambukiza, kila mtu anaiogopa, na haimhusu Mama. Nilijiona nina akili sana.

Jumatano, 14 Mei

Kijani. Mimi ni mjinga. Tena mjinga mwenye cheti cha ualimu.

Nilirudi kutoka shule saa tisa nikakuta viatu kumi na moja mlangoni. Kumi na moja, jozi! Ndani kulikuwa kumejaa wanawake na matawi ya mwarobaini. Tetekuwanga mtu haumwi mara mbili. Hilo nalijua, nalifundisha darasani. Sikukumbuka kwamba wazee wote wa mtaa huu waliiumwa utotoni. Wale ambao ningependa wasije ndio waliojiona wana kinga na wajibu wa kuja kuuguza. Wenye watoto wadogo, ambao pengine hata hawakohoi, ndio waliobaki makwao.

Easter walimkuta uani anaruka kamba. Bi Mishi kamkamata, kamfunua mgongo, kamgeuza tumbo. Ngozi safi, hata kipele cha joto hamna. Mtu mwingine angesema mtoto ni mzima. Bi Mishi kashika kichwa.

"Lo! Imeingia ndani!"

Basi hapo pakawa hapatoshi. Tetekuwanga iliyoingia ndani lazima itolewe nje. Mwarobaini ukachemshwa kwenye sufuria yangu kubwa, mtoto akaogeshwa mara mbili, akapakwa maji ya mchele, analia anasema hawashwi. "Hawashwi kwa sababu imo ndani," wakasema. Nami nimesimama hapo, mwenye uongo wangu, siwezi kuutoa wala kuuingiza.

Kisha Bi Mishi akaingia kwa Mama. Sauti yake ilikuwa imekauka, nilisikia. Akasema asubuhi alikuwa na kifua kidogo, lakini kafunga na saumu haikumshinda. Alikaa kitandani, akamshika Mama mikono miwili, akamsomea dua ya kumkinga na maradhi ya nyumba hii, na akampulizia. Kichwani, usoni, kifuani. Mara tatu. Kwa mapenzi yote aliyonayo.

Nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo na Mama akaniangalia, nikaufunga.

Alhamisi, 15 Mei

Kijani. Wanjira kajua. Kasikia sokoni kwamba mtoto wake ana maradhi yaliyoingia ndani, na mama yake nesi kamficha kwa aibu. Mwalimu wa chekechea kamkataa Easter mlangoni.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele yangu na sare yake akasema, "Mwalimu, mtoto wangu mzima umemuuguza kwa mdomo wako. Ungeniuliza, ningekusaidia kupata neno la kuwaambia. Mimi nawaambia watu maneno magumu kila siku, ndiyo kazi yangu."

Nikamweleza yote, hata Bi Mishi na kifua chake, nikamwambia samahani. Neno hilo halinitoki kwa urahisi, lakini limetoka. Kaitikia kwa kichwa, akaenda zake chumbani. Kisha karudi. "Huyo mama mwenye kifua, alimkaribia Mama kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja, hivi, mbele ya pua.

Ijumaa, 16 Mei

Kijani. Mvua. Mama hajambo.

Jumamosi, 17 Mei

Kijani. Mama kapiga chafya moja. Kasema ni vumbi. Vumbi gani, na nje kumejaa madimbwi?

Jumapili, 18 Mei

Chungwa.

Jumatatu, 19 Mei

Nyekundu ya tofali.

Naandika saa kumi jioni, katika benchi la hospitali. Nataka niandike yote kwa utaratibu kwa sababu kuandika kunanituliza.

Usiku homa ilipanda. Alfajiri Mama aliomba maji, akaomba tena, akamaliza mtungi. Kisha akawa hajui ni siku gani. Aliniita Mishi. Mkojo ulipochemka rangi haikungoja hata kupita kijani, ilikwenda moja kwa moja. Nilikaa nimeshika kichupa cha dawa natazama tofali lile, nikapiga ukelele.

Wanjira alikuwa amevaa kwenda kazini. Akaweka sikio mgongoni kwa Mama, akahesabu pumzi kwa saa yake. Kasema, "Upande wa kulia kuna kichomi. Tafuta gari sasa." Nilikimbia mpaka shule bila viatu, mvua yote juu yangu, Bwana Katana akatoa pikapu yake bila kuuliza. Huyu mtu nimemsengenya miaka sita kwamba ni bahili. Aliendesha mwenyewe, Wanjira nyuma amemkumbatia Mama chini ya turubai, anamsemesha njia nzima kwa sauti ile ile kubwa niliyokuwa nikiilalamikia. "Mama! Mama, unanisikia? Niambie majina ya wanafunzi wako!" Na Mama alikuwa akiyataja. Mmoja mmoja, wengine washakufa.

Wamemtia maji mshipani na dawa ya kushusha sukari. Sindano nyingine ni ya kichomi. Daktari kasema hiyo haiui virusi vya mafua, inaua kilichokuja nyuma yake. Kaniuliza, "Nyumbani walijua ana sukari?" Nikasema nyumbani ndiyo. Mtaani je?

Mama anapumua kwa kupandisha mabega. Yaa Rabi, usimchukue kwa ajili ya uongo wangu.

Jumanne, 20 Mei

Bado.

Jumatano, 21 Mei

Bado. Sauti hana. Wanjira kaja wakati wake wa mapumziko, kamgeuza upande, kampangusa.

Alhamisi, 22 Mei

Homa imeshuka kidogo. Kanitambua, kaniambia mtandio wangu mchafu. Nimelia mbele ya wagonjwa wote.

Jumamosi, 24 Mei

Anakula uji. Madaktari wameridhika.

Nilipokwenda sokoni nilimkuta Bi Mishi ananunua muhogo, mzima, anabishana bei kwa sauti safi. Mafua yalimkaa siku tatu, hata saumu hakuivunja. Karibu nimrukie. Virusi vilevile, kutoka kifua chake hadi uso wa mamangu: kwake kikohozi, kwetu mipira ya maji na pumzi za kuhesabu. Nilimchukia kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha akageuka akaniona, akauliza, "Bi Mwana aendeleaje? Wamenikataza kuingia wodini, nimekwenda mara nne." Nikakumbuka nani alimwita kwa uongo nyumbani kwetu. Nikasema anaendelea vyema, nikaondoka na sikununua chochote.

Alhamisi, 29 Mei

Mama karudi nyumbani. Kapungua, pete zinamtoka vidoleni. Kijani.

Jumapili, 1 Juni

Kijani. Nimemwambia yote: tetekuwanga, mwarobaini, Easter kukataliwa mlangoni. Kacheka mpaka akakohoa, nami nikaogopa. Kisha akaacha kucheka.

"Wewe ulisema uongo mmoja," kasema. "Mimi nimesema wa miaka tisa."

Kamwita Easter kamkalisha kitandani, kamfundisha alifu. Wanjira kawaona. Jioni kaniletea bakuli la maharagwe ya kufuturu. Yana nazi! Kajifunza lini?

Jumamosi, 7 Juni

Kijani. Homa ya mafua bado ipo mjini, watoto tisa hawakuja jana. Idi ni keshokutwa, na Idi mtaa mzima huja kwetu kumpa Bi Mwana mkono na kuubusu. Wanjira kasema haifai, kifua chake bado. Nimekwisha kutunga sababu: nitasema kenda Mambrui kwa jamaa.

Jumatatu, 9 Juni, Idi

Kijani.

Nilikuwa nimevaa tayari kusimama barazani na safari yangu ya Mambrui mdomoni. Mama akatoka chumbani kwa kushika ukuta, amevaa leso mpya.

"Niwekee kiti mlangoni. Kwa ndani."

"Mama, watakuja wote."

"Ndiyo maana."

Wakaja baada ya sala ya Idi, kichochoro kizima, kama thelathini, wanukia udi na karafuu. Mbele yao Bi Mishi, mkono kaunyosha tangu nyumba ya pili. Mama kainua kiganja.

"Simama hapo hapo, Mishi."

Wakasimama.

"Nina ugonjwa wa sukari. Mwaka wa tisa huu. Mafua yanayowapitia nyinyi kwa siku tatu, mimi karibu yanizike. Idi Mubarak kwenu wote. Mkono leo nautoa kwa mdomo."

Nikasikia maji yanadondoka kutoka paa la makuti la jirani.

"Miaka tisa, Mwana?" Bi Mishi kasema. "Na kaimati zangu ninazokuletea kila Ramadhani, shira tele?"

"Nikiwapa majirani wa nyuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ukijua utakuja kunitazama badala ya kuja kuzungumza."

Bi Mishi akafikiri. Niliona mawazo yalipomfikisha. Mkono ulimshuka. "Siku ile nilikuwa na kifua. Nilikupulizia."

"Ulinisomea dua."

"Nilikupulizia usoni, Mwana! Mara tatu!"

Nikatoka barazani. Nilisema mbele ya watu wote kwamba tetekuwanga haikuwepo, niliitunga mimi, mtoto wa Wanjira alikuwa mzima na mama yake hakuficha kitu, na kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyejua na nikanyamaza. Wanjira alikuwa dirishani kwake. Maneno yalitoka vibaya, nikalia katikati, lakini yametoka.

Sidhani Bi Mishi alinisikia. Alikaa juu ya baraza ya ng'ambo, iliyolowa, na nguo zake mpya za Idi. Yeye ndiye anayewaosha maiti wanawake wa mtaa huu, tangu mimi ni mdogo; hapana nyumba asiyoingia na sabuni na kafuri. Kasema polepole, na wote tulielewa:

"Ningekuua kwa mkono wangu, Mwana. Halafu mimi huyuhuyu ningeitwa kuja kukuosha."

Na akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima yule.

Mama alimwacha alie kidogo. Kisha akaegemea mbele kwenye kiti chake.

"Utaniosha, Mishi. Nilishakuusia, na sibadilishi. Lakini si mwaka huu."

Bi Mishi kacheka na machozi yake, kapangusa pua kwa ncha ya leso mpya. Akaweka mkono kifuani, akampa mkono wa Idi kutoka ng'ambo ya kichochoro, na waliokuwa nyuma yake wakafanya hivyo hivyo.